Viini Vinne Haviamki kwa Pamoja

Raspberry Pi ya kwanza iliingia sokoni mwaka 2012 ikiwa na kiini kimoja cha kuchakata. Februari 2015 likaja toleo la pili, lenye viini vinne. Wengi hudhani umeme ukishaingia, vyote vinne hushika kazi papo hapo.

Sivyo. Kinachotangulia kuamka si kiini chochote kati ya hivyo, bali sehemu ya michoro iitwayo VideoCore. Hiyo husoma kadi ya kumbukumbu na kupakia mfumo endeshi, ndipo ivifungulie viini. Kila kiini husoma namba yake katika rejista ya MPIDR. Chenye namba 0 huendelea na kazi. Namba 1, 2 na 3 husinzia. Katika Raspberry Pi 3 ya biti 64, hivyo vitatu huchungulia anwani 0xE0, 0xE8 na 0xF0. Vikikuta sifuri, hurudi kusinzia. Kiini namba 0 kinapokuwa tayari, huandika humo mahali pa kuanzia, kisha hutoa amri ya SEV kuvizindua.

Kuamsha ni rahisi. Kazi iko kwenye maandalizi. Kila kiini kinahitaji staki yake, eneo la kumbukumbu la kuwekea kazi iliyo mkononi. Viwili vikitumia staki moja, kimoja hufuta hesabu za mwenzake na mashine huganda.

Ugumu huo unaeleweka vizuri ukitazama Chuo Kikuu cha Maryland, huko College Park, jirani na Washington. David Hovemeyer, Jeffrey Hollingsworth na Bobby Bhattacharjee waliandika GeekOS, mfumo endeshi mdogo wa kufundishia, wakaueleza kwa wanataaluma mwaka 2004. Wanafunzi wa somo la CMSC 412 hupewa kiunzi chake, kisha hujiandikia wenyewe sehemu kama upangaji wa zamu za programu na uhifadhi wa mafaili.

GeekOS ya awali ililenga kompyuta za x86 zenye kiini kimoja. Humo, kulinda data kulihitaji tu kuzuia kwa muda vifaa visikatize kazi inayoendelea. Penye viini vinne kinga hiyo haitoshi, kwa kuwa kukizuilia kimoja hakumsimamishi jirani yake. Ni kama jiko la harusi: kumfungia mpishi mmoja mlango hakuwazuii wengine watatu kutia chumvi kwenye sufuria ileile. Hapo panahitajika kufuli ambalo viini vyote vinaliheshimu.

Namna ya kuamsha nayo hutofautiana na ya Raspberry Pi: kwenye x86, viini vya ziada huamshwa kwa ishara za INIT na SIPI, navyo huanza katika hali ya biti 16, kama chipu ya 8086 ya mwaka 1978.

Mwenye Raspberry Pi ya viini vinne anaweza kujionea tofauti ya kiini kimoja na vinne. Andika amri ya nproc kwenye terminali, utajibiwa 4. Kisha ongeza maxcpus=1 mwishoni mwa mstari ulio katika faili la cmdline.txt, uwashe upya na ulinganishe kasi.