Chanda na Pete: Upatanifu wa Lenzi na Kamera Kuukuu za Filamu Zenye Fokasi ya Otomatiki

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba rahisi huvunja upishi. Methali hii inawaafiki vyema vijana ambao wamerejelea upigaji picha kwa filamu na ambao, kwa sababu ya uhaba wa fedha, hulazimika kutafuta kamera zilizokwisha kutumika. Miongoni mwa kamera hizo, zile zilizoundwa kuanzia mwaka wa 1985 hadi miaka ya mwanzo ya karne ya 21, na ambazo hujirekebishia fokasi zenyewe, aghalabu huuzwa kwa bei ya chini kuliko kamera za chuma zilizozitangulia. Sababu si kwamba picha zake ni duni. Nyingi zina bodi za plastiki na hutegemea betri kwa kila jambo, hivyo wakusanyaji wa kamera za kale hawazipapii.

Hata hivyo, bodi ya kamera bila lenzi ni sawa na kinu bila mchi. Mnunuzi anaweza kupata bodi kwa pesa kidogo, akanunua lenzi kwa pesa nyingi zaidi, kisha akatanabahi baadaye kuwa viwili hivyo havielewani. Akichelewa kugundua, huenda akapoteza pia filamu nzima na gharama ya kuisafisha. Makala hii inadhamiria kueleza jinsi lenzi na bodi zinavyopatana, kwa kurejelea kamera za Minolta, Nikon na Canon. Hoja yake kuu ni kwamba lenzi kuingia kwenye bodi ni jambo moja, na lenzi kufanya kazi kwenye bodi hiyo ni jambo jingine.

Maana ya upatanifu

Upatanifu wa lenzi na bodi una ngazi nne. Ngazi ya kwanza ni ya kiungio, yaani pete ya chuma au plastiki inayoishika lenzi. Kila kampuni ina kiungio chake, na umbali kutoka kwenye kiungio hadi kwenye filamu hutofautiana. Umbali huo ni milimita 46.5 katika kamera za Nikon, 44.5 katika Minolta za fokasi ya otomatiki na 44 katika Canon EOS. Lenzi ikiwekwa mbali na filamu kuliko ilivyokusudiwa, haiwezi kuonyesha vyema vitu vilivyo mbali.

Ngazi ya pili ni ya fokasi. Mota inayoisogeza lenzi inaweza kuwa ndani ya bodi au ndani ya lenzi yenyewe. Ikiwa ndani ya bodi, nguvu zake hupitia ncha ndogo mfano wa bisibisi inayochomoza kwenye kiungio. Ikiwa ndani ya lenzi, bodi hutoa umeme na maagizo kupitia viguso vidogo vya chuma.

Ngazi ya tatu inahusu kitundu cha mwanga. Kitundu hicho kinaweza kuendeshwa kwa pete iliyo juu ya lenzi, kwa wenzo ulio ndani ya bodi au kwa umeme. Ngazi ya nne ni ya ukubwa wa taswira. Picha ya filamu ya milimita 35 ina vipimo vya milimita 24 kwa 36, na lenzi isiyoweza kuangaza eneo hilo lote huacha pembe zikiwa nyeusi.

Minolta: mwanzo mpya wa 1985

Mnamo mwaka wa 1985, kampuni ya Minolta ya Japani ilitoa kamera ya 7000, iliyokuwa ya kwanza ya aina yake kufanikiwa sokoni ikiwa na mota ya fokasi ndani ya bodi. Ili kufikia lengo hilo, Minolta iliacha kiungio chake cha awali na kuunda kingine, kiungio cha A. Wapigapicha waliokuwa na lenzi za zamani za MC na MD walijikuta na mali isiyoingia kwenye kamera mpya.

Mnamo mwaka wa 2006, biashara hiyo ilichukuliwa na Sony, ambayo iliendelea kutumia kiungio cha A kwa miaka mingi. Kwa hivyo, lenzi nyingi za Sony za kiungio hicho huingia kwenye kamera ya 1985. Tanbihi muhimu ni kwamba lenzi zenye mota ndani yake, mathalan zile za SSM, hazijirekebishi fokasi kwenye bodi kama 7000, kwani bodi hiyo haijui lugha ya mota hizo. Mpigapicha hulazimika kuzungusha pete kwa mkono.

Nikon: uaminifu wenye masharti

Nikon ilifuata njia tofauti. Kiungio chake cha F kilizinduliwa mwaka wa 1959, na kampuni ilipotoa F-501 mwaka wa 1986, ilikibakiza na kuongeza ncha ya bisibisi na viguso. Kwa mtazamo wa kwanza, huu ni ungwana mkubwa kwa mteja wa zamani. Hata hivyo, umbo la kiungio lilibaki vilevile ilhali kazi ya ndani ilibadilika hatua kwa hatua.

Lenzi za AF na AF-D, ambazo hutegemea mota ya bodi, ndizo zinazopatana vyema na bodi nyingi za filamu zenye fokasi ya otomatiki. Lenzi za AF-S zina mota yake zenyewe. Zikifungwa kwenye F-501 hukaa sawasawa, lakini fokasi haisogei bila mkono wa mtumiaji. Zikifungwa kwenye F80, iliyotolewa mwaka wa 2000, nyingi hufanya kazi kikamilifu. Lenzi za G nazo hazina pete ya kitundu. F80 huzitumia bila tatizo, ilhali F90 ya 1992 huzikubali katika hali mbili tu: ya programu na ile ya kuteua kasi.

Lenzi za kale za fokasi ya mkono huingia pia kwenye F80, lakini mita ya mwanga hunyamaza na mpigapicha hukadiria mwenyewe. Zile za kabla ya 1977 ambazo hazijarekebishwa zinaweza hata kuharibu sehemu ndogo zilizo pembeni mwa kiungio. Kwa upande mwingine, lenzi za AF-P, zilizoanza kutolewa mwaka wa 2016, hazifai kwa kamera za filamu kwa sababu hata pete yake ya fokasi huendeshwa kwa umeme.

Liko pia kosa dogo linalowatisha wanagenzi. Lenzi ya AF-D ikifungwa kwenye F80 bila pete yake kuwekwa kwenye namba kubwa kabisa, aghalabu 22, kamera huonyesha herufi FEE na kukataa kupiga picha. Wapo wanaodhani kamera imekufa, hali dawa yake ni kuizungusha pete na kuifunga hapo.

Canon: talaka ya 1987

Canon ilizindua mfumo wa EOS mwaka wa 1987 kwa kamera ya EOS 650. Kiungio kipya cha EF hakikuwa na wenzo wala bisibisi: fokasi na kitundu vyote viliendeshwa kwa umeme ndani ya lenzi. Lenzi za awali za FD zilitupwa nje. Fauka ya hayo, FD zilikusudiwa kukaa milimita 42 kutoka kwenye filamu, kwa hivyo hata pete ya kuunganishia haiziokoi isipokuwa iwe na kioo cha ziada, na kioo hicho hupunguza ubora wa picha.

Talaka hiyo iliwakera wengi, lakini iliwarahisishia mambo wanunuzi wa leo. Lenzi ya EF iliyoundwa miongo kadhaa baadaye hujirekebishia fokasi kwenye bodi ya bei nafuu kama EOS 300 ya 1999. Mnunuzi anahitaji kuchunga alama moja tu. Lenzi za EF zina nukta nyekundu kwenye kiungio. Zenye mraba mweupe ni EF-S, zilizoanza mwaka wa 2003 kwa kamera za dijitali zenye kihisi kidogo, nazo haziingii kwenye kamera za filamu. Kwa Nikon na Sony, lenzi za namna hiyo, yaani DX na DT, huingia, ila huacha pembe za picha gizani.

Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

Kwanza, mnunuzi asome herufi zote zilizoandikwa kwenye lenzi. Jina la kampuni pekee halitoshi. Pili, aende dukani na betri mpya, kwani nyingi za kamera hizi hutumia betri za lithiamu ambazo muuzaji huenda hana. Tatu, afunge lenzi, alenge kitu cha karbu kisha cha mbali, na asikilize kama mota inafanya kazi. Nne, afungue mlango wa nyuma bila filamu, apige mara kadhaa katika vitundu tofauti na aangalie kama kilango kinafunguka. Katika kamera kadhaa za awali za EOS, sponji ndogo ya ndani huoza na kugeuka ulimbo unaonata kwenye kilango hicho. Mwisho, aipitishie lenzi mwanga ili aone kama ina kuvu, ambao hustawi penye unyevu kama ulio katika miji ya pwani.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba kampuni hizi zilikabiliwa na swali moja na kulijibu kwa njia mbili. Minolta na Canon zilivunja uhusiano na lenzi za zamani, na gharama ikabebwa na wateja wa wakati huo. Nikon iliulinda uhusiano huo, na sehemu ya gharama ikaahirishwa hadi kwa mnunuzi wa leo, ambaye hana budi kujifunza maana ya kila herufi. Kwa mwanafunzi asiye na kitu wala mwalimu wa kumwongoza, EOS na lenzi yoyote ya EF ndiyo njia isiyo na miiba mingi. Kwa yule aliyerithi lenzi za Nikon kutoka kwa mzazi au babu, bodi kama F80 itazifaa lenzi za AF-D na AF-S, naye avumilie kukadiria mwanga akitumia zile za mkono. Lenzi na bodi ni chanda na pete, na pete hujaribiwa chandani kabla ya fedha kutoka mfukoni.