La, sina mimba. Ninafuma tu

Jaribu hivi siku moja. Panda matatu ya Umoja saa kumi na moja jioni, keti karibu na dirisha, kisha toa kwa begi sindano mbili za kufumia na uzi wa rangi ya maziwa. Kabla hamjapita City Stadium, kuna mtu atakuwa ameshakutazama tumbo.

Wiki jana alikuwa mama mmoja wa makamo, amepakata mfuko wa sukuma wiki. Aliangalia kisweta kilichokuwa mkononi mwangu, akaangalia tumbo, akaangalia kidole cha pete. Kisha akauliza polepole, kama mtu anayeuliza habari za msiba:

"Msichana wangu, ni ya miezi mingapi?"

"Hapana, mama, sina mimba. Ninafuma tu."

"Sasa unamfumia nani?"

"Bado sijui."

Akanyamaza hadi Makadara. Jam ilikuwa ile ya kukwama kabisa, makanga ameshuka anatembea kando ya gari. "Basi ni biashara," mama akasema. Nikamwambia si biashara pia. Nadhani hapo ndipo alipoanza kunihurumia.

Unakumbuka zile insha za shule ya msingi? "Uraibu wangu ni kusoma riwaya, kuogelea na kusafiri." Sote tuliandika hivyo na wengi wetu hatukuwa tumewahi kuona kidimbwi cha kuogelea. Sasa tumekuwa watu wazima na ukimwambia mtu una uraibu, anaelewa kwamba unahitaji kusaidiwa. Nairobi hii ukifanya kitu ambacho hakikuletei pesa wala mtoto, watu wanaanza kukuwekea mikono kichwani.

Mimi nilianza kufuma mwaka ule nilioacha chuo. Mwaka wa pili, karo ikakataa, nikarudi kwa mathe nikiwa na godoro na sanduku. Usiniulize mengi kuhusu hiyo. Ninachotaka ujue ni vile siku huwa ndefu mtu akiwa hana pa kwenda. Mathe anatoka saa kumi na moja alfajiri, bando zimeisha kufikia saa nne, na wale mliokuwa nao darasani wanapachika picha za mitihani.

Jirani wetu wa ghorofa ya chini alikuwa akiketi mlangoni kila siku akifuma. Yeye alijifunza akiwa darasa la tano, enzi ambazo mtoto alikuwa akifuma kwa spoku za baiskeli alizonoa kwenye jiwe. Siku moja aliniona nikipita mara ya nne bila kwenda popote, akanivutia kiti. "Keti hapa, ushike hii. Mikono yako inalia."

Kitu changu cha kwanza kilikuwa skafu. Nilianza na vitanzi 30, zile pete ndogo zinazokaa kwenye sindano, nikamaliza na 41. Usiniulize hivyo 11 vilitoka wapi. Skafu ilikuwa nyembamba chini na pana juu kama tai ya mchekeshaji. Jirani aliifumua yote mbele ya macho yangu, akaviringisha uzi, akanirudishia donge. Nililia kidogo. Halafu nikaanza tena, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya, na huo ndio ukweli.

Nguo za watoto zilikuja baadaye, tena kwa sababu ya uvivu. Sweta la mtu mzima linakula miezi. Kofia ya mtoto unaimaliza kwa siku moja au mbili, inatumia uzi kidogo, na mteja wake hana maneno. Hajui kwamba mkono mmoja wa sweta umezidi mwingine kwa nusu inchi.

(Kabla hujaniandikia kwamba hata wewe unafuma zile topu za mashimo: hiyo ni kroshia. Kroshia ni sindano moja yenye ndoano kichwani. Kufuma ni sindano mbili. Tunapendana, lakini ni makabila mawili.)

Halafu wakaja wataalamu wa hasla. Unawajua. Ukipika chapati tamu, "fungua kibanda." Ukisuka mdoli wa binamu yako, "fungua saluni." Mimi niliambiwa nifungue ukurasa wa kuuza, nikafungua. Acha nikupigie hesabu, maana hakuna aliyenipigia.

Seti moja ya mtoto mchanga, yaani sweta, marvin na soksi, ilinilia madonge matatu ya gramu 50. Nilikuwa nanunua donge Sh120, kwa hivyo Sh360. Vifungo vitano vya shilingi kumi, Sh50. Jumla Sh410. Kazi yenyewe ilichukua saa 16, nikijumlisha kushonanisha vipande, kitu ninachochukia kuliko kuosha sufuria ya ugali. Nilikuwa nauza seti Sh900, na hapo mteja amelalamika tayari. Toa gharama, inabaki Sh490. Gawa kwa saa 16. Ni kama shilingi 30 kwa saa. Na wakati huohuo, pale Gikomba nilikuwa naona sweta safi la mtoto la mitumba kwa chini ya mia mbili.

Na si kwamba ni sisi wa leo tumepigwa na mashine. William Lee, mchungaji wa kanisa kule Uingereza, aliunda mashine ya kufuma soksi mwaka wa 1589. Zaidi ya miaka 400 mkono unashindana na chuma, na mimi nilikuwa nafikiri nitashinda kutoka Umoja nikiwa na sindano mbili na taa inayopepesa.

Nilivumilia miezi mitano. Mtu anaagiza seti nne za beibi shawa, anataka zote rangi ya zambarau, kesho anataka kijani, keshokutwa anasema, "Kwani uzi si ni bei rahisi?" Vidole vikaanza kuuma usiku. Kilichonitisha zaidi ni kwamba nilikuwa nimeanza kuchukia zile sindano. Kitu kimoja kilichonishika mkono wakati chuo kiliniachilia, sasa kikawa ni deni la watu. Nikafunga ule ukurasa. Wataalamu wa hasla bado hawajanisamehe.

Kwa hivyo nikarudi kufuma polepole, kwa ajili ya watu ninaowajua. Beshte yangu wa tangu sekondari alikuwa mjamzito, mtoto atarajiwe Juni, na wewe unajua baridi ya Nairobi kuanzia Juni. Nilimfumia seti nzima, kubwa kidogo ili mtoto akue nayo.

Mtoto alikuja Aprili. Wiki 31. Kilo moja na gramu 400.

Usiku huo beshte alinipigia simu kutoka hospitalini. Hakuwa analia. Alikuwa anasoma orodha aliyopewa na muuguzi kwa sauti ya mtu anayesoma bei za supamaketi: nepi, leso, soksi, kofia. "Ile kofia yako," akasema, "inamfunika hadi kifuani."

Kama hujawahi kuingia wodi ya namna hiyo, sikia. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, kwa hivyo joto linampotea haraka hata chumba kikiwa na joto. Kuna njia inaitwa utunzaji wa kangaruu. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka wa 1978, hospitali ikiwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwatunzia, na daktari Edgar Rey Sanabria akaanza kuwaweka watoto kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Leo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa watoto wote waliozaliwa kabla ya wakati au wenye uzani mdogo. Mtoto anavaa nepi, soksi na kofia, basi. Mengine yote ni mama.

Yaani katika nguo zote ambazo nimewahi kufuma, ile inayohitajika hasa ni kofia ndogo kama kikombe.

Nikaketi saa tatu usiku. Kofia ya mtoto aliyetimiza miezi naianza na vitanzi 72. Hii nilianza na 56, ambavyo kwa mkono wangu vinatoa mzunguko wa sentimita 25 hivi. Nilifumua mara mbili kwa sababu nilikuwa nakaza uzi. Wasiwasi hukaza uzi, mtu yeyote anayefuma atakwambia. Nilimaliza saa saba, nikaiosha, nikaianika nyuma ya friji palipo na joto, asubuhi ikawa imekauka.

Mtoto sikumwona vizuri. Niliona beshte yangu ameketi kitandani, blauzi imefungwa juu, na pale karibu na shingo kitu cheupe kimechungulia. Kofia yangu. Ilikuwa inapanda na kushuka.

Mama wa kitanda cha pili aliuliza kama naweza kumfumia wake pia. Nikamwambia ndiyo, nikafuma ya manjano, nikairudisha baada ya siku mbili. Kitanda kilikuwa kimetandikwa upya. Nilimtazama muuguzi, naye hakuniambia kitu, na mimi sikuthubutu kuuliza. Huenda walienda nyumbani. Alichukua ile kofia mkononi mwangu, akaivuta kidogo kuona kama inanyumbuka, akasema, "Kuna mwingine ameingia usiku. Itamtosha."

Mtoto wa beshte yangu yuko sawa, ana meno mawili na anauma. Lakini tangu siku hiyo kila mwezi nafuma kofia nne au tano bila kujua za nani.

Sasa, kama umesoma hadi hapa na mikono inakuwasha, wacha nikuambie ya kukusaidia.

Usinunue uzi ghali. Anza na akriliki laini. Inaoshwa bila makuu, ilhali sufu ukiiosha kwa maji moto inasinyaa inakuwa ya mdoli. Ila akriliki ikikutana na moto inayeyuka, kwa hivyo iwe mbali na jiko. Ukiwa huna kitu kabisa, nunua sweta zuri la mitumba na ulifumue. Tafuta lile ambalo vipande vimeshonanishwa pembeni. Yale yaliyokatwa kwa mkasi na kushonwa kwa cherehani yatakupa vipande vifupi vya uzi na machozi.

Sindano nyingi za kuazima kwa shosho zina namba za zamani za Kiingereza, na namba hizo zinarudi nyuma: namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25. Mimi nilinunua namba 10 nikidhani ni nene zaidi. Namba 8 inatosha mwanzo.

Kwa kofia ya mtoto aliyetimiza muda wake, anzisha vitanzi 72. Ukingo uwe viwili mbele, viwili nyuma, ili uvutike kama lastiki. Kisha endelea na mshono wa kawaida hadi ufike sentimita 12, ndipo uanze kupunguza: fuma saba, unganisha viwili, rudia hadi mwisho. Mstari unaofuata usipunguze. Unaofuata tena, fuma sita, unganisha viwili. Utaona kichwa kinajifunga chenyewe, na hapo utanielewa.

Na tafadhali, kamba za shingoni acha. Vifungo vidogo acha, mtoto atameza. Mashimo mapana kwenye soksi na glavu pia, kwa sababu kidole cha mtoto kinaingia na uzi unakikaza. Ndani ya soksi kata nyuzi zinazoning'inia. Jambo lingine ambalo litawakasirisha mashosho: mtoto mwenye afya njema, aliyetimiza muda, hahitaji kulala na marvin ndani ya nyumba. Tumewaona Januari, jua la saa saba, masweta matatu na blanketi juu. Joto likizidi linamdhuru. Kama ni kofia za wodi, uliza wauguzi kwanza wanataka nini, na uoshe kabla ya kupeleka.

Nirudi kwa yule mama wa matatu. Tulifika Umoja giza limeingia. Alisimama, akashika mfuko wake wa sukuma, halafu akainama karibu na sikio langu, akagusa kile kisweta kwa ncha ya ufunguo.

"Hapo chini umeangusha kimoja."

Nikaangalia. Mstari wa nne kutoka ukingoni, kitanzi kimetoroka na kuacha ngazi nzima nyuma yake. Nilikuwa nimeshafuma mistari kumi na saba juu yake.

"Asante, mama," nikasema. Yeye alikuwa ameshashuka, anabishana na makanga kuhusu chenji.