Batri na Kiberiti Havipatani

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Umeme wa Kisangani mnaujua wenyewe: leo upo, kesho umekatika. Ndiyo sababu batri ya gari haikai tena garajini tu. Makiso, Mangobo, Kabondo, hata ng'ambo ya mto kule Lubunga, imeingia nyumbani kuwasha taa na televisheni. Ikiisha nguvu tunaichaji, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Sikilizeni yaliyompata dereva mmoja niliyemtibu. Alikuwa anachaji batri chumbani, madirisha yamefungwa kwa hofu ya wezi. Umeme ukakatika. Katika giza lile akafungua vifuniko, akawasha kiberiti aone kama maji yangali yanatosha. Batri ikampasukia usoni.

Kwa nini? Batri inapochajiwa, umeme hutenganisha maji yaliyomo na kutoa hewa mbili, hidrojeni na oksijeni. Hidrojeni haina rangi wala harufu. Ikifika sehemu 4 tu katika kila 100 za hewa ya chumba, cheche moja yatosha kuilipua. Umeme ukikatika, hewa hiyo haiondoki mara moja. Mlipuko hurusha asidi, nayo huunguza ngozi na kupofusha macho.

Dereva yule anaona mpaka leo. Mke wake hakumkimbiza kwetu kwanza. Alichukua bido ya maji akammwagia machoni, jirani akaleta nyingine, wakaendelea. Ndipo wakampandisha toleka, wakamleta. Dakika zile za kwanza ndizo zilizookoa macho. Mimi hapa dispanseri nisingeweza kuzirudisha.

Basi, shika haya:

1. Chajia batri barazani au mahali penye hewa nyingi, mbali na mbabula, sigara na taa ya petroli. Usichajie kamwe katika chumba cha kulala.

2. Vaa miwani ya kazi na glavu za mpira. Vua pete na saa: chuma kikiunganisha ncha mbili za batri huwaka kama kaa la moto.

3. Zima chaja kwanza, ndipo ufunge au ufungue nyaya. Umeme ukikatika, izime, usingoje urudi.

4. Ukitaka kuangalia ndani, tumia tochi, uiwashe ukiwa bado mbali. Ongeza maji ya batri tu, si ya mto.

5. Usiweke asidi katika chupa ya bia au ya limonadi. Mtoto mwenye kiu haulizi.

6. Weka bido ya maji safi karibu kabla ya kuanza. Asidi ikiruka jichoni, fungua kope, mwagia maji bila kuacha kwa dakika 20 au zaidi. Usitie maziwa wala dawa yoyote. Vua nguo zilizolowa. Kisha njoo dispanseri, hata kama maumivu yamepungua.

Kazini msimamizi anakuchunga. Nyumbani msimamizi ni wewe. Batri nyingine utanunua sokoni, jicho hutalipata.