Masaji ya Kayole: duka lina leseni, mikono haina

Katika vinyozi vingi vya Kayole, mtaa wa Nairobi, kunyolewa ni nusu tu ya huduma. Mashine ikizimwa, mteja anahamishiwa kwenye sinki. Binti aliyevaa aproni anamwosha kichwa, anamfunika uso kwa taulo la moto, kisha anamkanda utosi, shingo na mabega kwa mafuta. Kutoka Kayole Junction hadi Masimba, bei ya kunyoa haitofautiani sana baina ya duka na duka. Kinachomrudisha mteja ni mikono ya mkandaji.

Hesabu ya biashara hii ni rahisi. Mwenye duka anabeba kodi, stima na maji, ambayo mifereji ikikauka hununuliwa kwa mitungi. Mkandaji kwa kawaida hana mshahara. Analipwa kwa kichwa, kwa mgao waliokubaliana kwa mdomo. Pesa za mteja zinaingia kwenye nambari ya malipo (Till) ya bosi na mahesabu hufanywa jioni, daftari likiwa mezani. Bakshishi ndiyo inayofika moja kwa moja kwenye simu ya aliyefanya kazi. Siku akihama, baadhi ya wateja watamfuata, lakini hataondoka na karatasi yoyote inayothibitisha kwamba ana ujuzi.

Pengo hilo lina mizizi katika Katiba ya 2010. Jedwali la Nne linazipa kaunti mamlaka ya kutoa leseni za biashara, lakini linaziondolea usimamizi wa taaluma. Ndiyo maana Kaunti ya Nairobi, ambayo tangu 2023 imeunganisha vibali kadhaa kuwa kimoja, inaweza kulikagua duka, kizima moto na usafi wake, bila kuuliza kama anayekanda shingo ya mteja amefunzwa. Serikali kuu, ambayo ingeuliza swali hilo, haijatunga sheria ya kuwasajili wakandaji.

Hasara inawaangukia watu wawili. Wa kwanza ni mteja. Kuna vinyozi wanaomalizia masaji kwa kuizungusha shingo ghafla mpaka ilie, na wateja wengine huiomba wenyewe. Madaktari wanaonya kwamba tendo hilo linaweza kuchana mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Wa pili ni mkandaji mwenyewe. Kanuni ya Adhabu inapiga marufuku madanguro, na msako ukifika, mwenye kazi halali hana cheti cha kumtenga na anayetumia jina la masaji kama pazia.

Wenzao wa karibu kikazi walishapita njia hii. Wataalamu wa fiziotherapia walipata sheria yao mwaka 2014, na leo wana baraza linalowasajili na kuwapa leseni. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inataka Bunge liunde chombo cha kusimamia tiba asilia na tiba mbadala. Mipaka ya chombo hicho ikichorwa kwa upana, masaji inaweza kujikuta ndani yake, ikipangiwa masharti na watu ambao hawajawahi kusimama kutwa nzima nyuma ya kiti cha kinyozi.

Korea Kusini inaonyesha nguvu ya wakandaji wanaosema kwa sauti moja. Huko kazi hiyo ilikuwa imetengewa wasioona kwa kanuni za wizara. Mwaka 2006 Mahakama ya Katiba ilizibatilisha. Wakandaji wasioona waliandamana hadi kwenye daraja la mto Han, na katika miezi michache Bunge likaiandika haki hiyo katika sheria yenyewe. Mwaka 2008 mahakama hiyohiyo iliikubali. Mtu anaweza kubishana na uamuzi wa kuwafungia nje wanaoona, lakini hawezi kukana kwamba waliojipanga ndio walioandikiwa sheria.

Wakandaji wa Kayole wangeomba nini? Kwanza, leseni yenye ngazi, ili anayekanda kichwa na mabega asidaiwe masomo ya anayetibu mgongo ulioumia. Pili, ujuzi wa kazini uhesabiwe. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, tayari inapima mafundi kwa mitihani ya Gredi ya III hadi ya I, na KNQA, mamlaka ya taifa ya sifa za kitaaluma, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Tatu, masharti machache yasiyo na utata: taulo safi kwa kila mteja, marufuku ya kuizungusha shingo ghafla, na swali la lazima kuhusu ujauzito na shinikizo la damu. Nne, ada ambayo mtu anayelipwa kwa kichwa anaweza kuimudu. Leseni ghali haitaiondoa kazi hii mtaani. Itaisukuma gizani tu.

Milango ipo. Chini ya sheria ya 2022 ya kusajili vikundi vya kijamii, watu 10 wanatosha kuanzisha kikundi. Wafanyakazi wa nywele na urembo wana chama chao cha kitaifa, KUHABWO, na Kifungu cha 41 cha Katiba kinamlinda anayejiunga na chama. Sheria ya 2013 ya kutunga kanuni inamtaka mtunzi ashauriane kwanza na watakaoguswa, na Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuliandikia Bunge ombi.

Wenye vinyozi wasiione hatua hii kama uasi wa vibarua. Mkandaji mwenye cheti anampa mteja imani na kumpunguzia mwenye duka hofu ya msako na kesi. Basi wakae pamoja, bosi na mkandaji, waandike mapendekezo yao sasa, kabla rasimu ya mtu mwingine haijafika Bungeni. Asiyekuwapo na lake halipo.