Bawa la Sentimita 10

Mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nilinunua kopo dogo la rangi ya mafuta ya kijani, chupa ya thina na msasa laini. Muuzaji akauliza kama napaka geti au dirisha. Nikamtolea bawa la plastiki, sentimita 10, la ndege ya mfano ya kuunga kwa gundi. Akaligeuza mkononi, akanituliza: rangi hii haiachi alama ya brashi, usihofu. Kumbe alama za brashi ndizo ninazozitafuta.

Ndege yenyewe ni Fokker Dr.I ya Wajerumani, mabawa matatu yaliyopandana, iliyoingia kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917. Kiwandani Schwerin, mafundi waliipaka sehemu ya juu kwa brashi, rangi ya kijani iliyoelekea kahawia, nyembamba kiasi kwamba weupe wa kitambaa ulichungulia kati ya michirizi. Zilitengenezwa takribani 320, na haikusalia hata moja. Vita hivyo ndivyo vilivyoipa Kariakoo, ninakopakia bawa hili, jina lake. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916, eneo hili likawa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, na ndimi za wenyeji zikalilainisha jina. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Kila ninapokaa na bawa hili mtaani kwao, nawakumbuka kabla ya rubani yeyote.

Turudi kwenye rangi. Brashi ikipita, kila unywele wake huacha mfereji, na kando yake tuta. Uso wa kimiminika una mvuto kama wa ngozi iliyowambwa, ule unaobeba sindano juu ya maji, nao huyashusha matuta na kuijaza mifereji. Mnato wa rangi huizuia kazi hiyo. Wakati huohuo thina inaruka, rangi inakaza. Ikikauka kabla matuta hayajalala, mchirizi umebaki.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti S. E. Orchard alichapisha hesabu ya kulala kwa matuta hayo. Rangi ikiwa nyembamba kwa nusu, muda wa kujisawazisha huongezeka mara 8. Matuta yakikaribiana kwa nusu, muda hupungua mara 16. Hilo la pili ndilo lililonitesa. Mabawa ya ndege halisi yalikuwa na upana wa mita 7.19, langu limepunguzwa mara 72. Mchirizi wa sentimita 7 unakuwa wa milimita 1 hivi. Rangi ikiwa ileile na unene uleule, itajisawazisha haraka zaidi kwa 72 mara 72 mara 72 mara 72, yaani karibu mara milioni 27! Ndiyo maana bawa langu la kwanza lilitoka laini kama sahani. Wachoraji wa mtindo wa Tingatinga hunufaika na tabia hiyohiyo: rangi ya mafuta hujilaza yenyewe, mgongo wa chui ukang'aa.

Dawa ni kubadili rangi. Ile ya wasanii, ya kwenye tyubu, ni kaidi: kama dawa ya meno, haitembei mpaka isukumwe kwa nguvu ya kutosha, na mvuto wa uso wa tuta dogo mara nyingi hauifikishi hapo. Kwanza nalipa bawa mkono mmoja wa rangi ya kitambaa kisichopakwa, nasubiri likauke kabisa. Kisha nachovya ncha ya brashi, naifuta kwenye kadibodi mpaka iache ukungu tu, halafu naivuta upande mmoja bila kurudia. Kurudia ndiko kunakoharibu, maana nywele huzoa matuta yaliyokwisha kusimama.

Saa nane mchana, chini ya bati, sithubutu: rangi ya msingi inakaukia kwenye brashi na kuchubuka vipande. Bawa la tatu nililipaka jioni, feni imezimwa. Ukiliinamisha kwenye taa unaona mahali nywele zilipogawanyika, mstari mweupe mwembamba kama uzi, ukikatika na kuanza tena.

Limebaki tumbo la ndege. Huko chini Wajerumani walipaka buluu tupu isiyo na mchirizi, kwa hiyo kesho narudi Gerezani kwa muuzaji yuleyule, kununua kopo la buluu la rangi isiyoacha alama ya brashi.