Mti wa shambani ni wa nani? Sheria, makala na kazi ya makanisa yetu



Kuanzia Bunia hata Uvira, jamaa nyingi za mjini haziwezi kupika bila mfuko wa makala. Katika Kongo yetu, zaidi ya watu 9 kati ya 10 wanapika kwa kuni ao kwa makala. Umeme wa maji umeongezeka katika sehemu fulani: kituo cha Matebe, katika teritwari ya Rutshuru, kilifunguliwa mwaka 2015. Lakini hata pahali waya zimefika, wamama wengi wanatumia umeme kwa taa na simu, na bugali na maharagi vinaendelea kupikwa juu ya mbabula. Kwa hiyo tukitaka kusema juu ya nishati isiyokwisha, ni lazima tuanze na makala.

Wengine wanafikiri kwamba makala yote ni uharibifu. Nishati inaitwa isiyokwisha wakati ile tunayochukua inarudi. Mti unaweza kurudi, ikiwa kuna mtu aliyeupanda na anayeulinda mpaka ukomae. Makala yanayotoka katika shamba la miti linalopandwa tena kila mara ni nishati isiyokwisha. Makala yanayotoka katika msitu wa asili, ambao hakuna mtu anayeurudisha, ni kula akiba ya watoto. Sokoni mifuko hiyo miwili inafanana. Ili kuitenganisha, tunapaswa kuuliza: mti ulikatwa wapi, na ulikuwa wa nani?

Yale tuliyoona Virunga

Hifadhi ya Virunga iliundwa mwaka 1925, nayo inapakana karibu na Goma, mji wenye zaidi ya watu milioni moja. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya makala ya Goma imetoka katika misitu ya hifadhi hiyo. Vita na ukimbizi vimezidisha jambo hilo, kwa sababu mtu aliyekimbia bila kitu anahitaji moto siku ileile, na wenye silaha wamepata feza kwa kutoza kodi juu ya mifuko. Mwezi wa 7 mwaka 2007, gorila wa milimani wa jamaa ya Rugendo waliuawa kwa risasi, na wachunguzi walihusisha mauaji hayo na biashara ya makala.

Mwaka uleule wa 2007, shirika la WWF lilianzisha katika Kivu ya Kaskazini mpango unaoitwa EcoMakala. Wakulima walisaidiwa kupanda miti inayokomaa haraka, kama vile mikaratusi, akasia na grevilea, katika mashamba yao wenyewe, ili mji upate makala bila kuingia hifadhini. Mikaratusi inaweza kukatwa baada ya miaka 5 mpaka 7, na kisiki kinachipuka tena. Walinzi wa hifadhi wana kazi yao, lakini mlinzi peke yake hawezi kuzuia mji wote usipike. Ni lazima kuwe na mti mwingine wa kukata.

Sheria inasema nini

Wengi kati yetu tulikua tukisikia kwamba miti yote ni ya serikali. Sheria ya misitu ya mwaka 2002, Code forestier, inaweka kweli misitu ya asili chini ya mali ya serikali. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba miti iliyo kijijini ao karibu yake, na ile iliyo katika shamba, ni mali ya kijiji ao ya mwenye shamba, naye anaweza kuiuza. Kutumia mti huo kwa biashara ya makala kunaweza kudai ruhusa na kodi. Hata hivyo, mali yenyewe ni ya aliye na shamba.

Kisha, mwaka 2014, dekreti iliruhusu jamii za mahali ziombe msitu wao kwa jina lao, kufikia hekta 50.000, na kuutunza kwa faida ya wote. Na katika mpango wa taifa wa REDD+ wa mwaka 2012, nishati ni mojawapo ya nguzo 7. Kwa hiyo maneno yako kwenye karatasi. Shida iko pahali pengine.

Ardhi ndiyo fundo

Katika Bushi, watu wanajua tofauti ya kalinzi na bwasa. Mwenye kalinzi anaweza kupanda migomba na miti, na watoto wake watarithi. Mwenye bwasa analima kwa msimu; anaruhusiwa maharagi na mihogo, lakini mti hapana, kwa sababu mti ni alama ya mwenyeji. Mwenye ardhi anaogopa kwamba aliyepanda leo atadai shamba kesho. Wakulima wengi maskini, na wakimbizi wote waliokodi shamba, wako katika hali ya bwasa. Ukiwapa miche bure, hawana pahali pa kuipanda.

Mfano wa Mampu, kwenye Plateau des Bateke, karibu kilomita 140 kutoka Kinshasa, unatuonyesha kwamba fundo hilo linaweza kufunguliwa. Huko karibu hekta 8.000 za akasia zilipandwa juu ya mbuga yenye udongo maskini, kisha ziligawanywa kwa jamaa, kila moja hekta 25. Jamaa inakata sehemu ya miti baada ya miaka 8 ao 10, inachoma makala, inapanda mihogo na mahindi kati ya miche mipya, na akasia inarudisha nguvu ya udongo. Chakula na makala vinatoka katika shamba moja. Ilifaulu kwa sababu jamaa ilijua kwamba mti utakaokomaa baada ya miaka 8 utakuwa wake.

Tanuru na mbabula

Katika tanuru la udongo lisilotunzwa vizuri, kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 mpaka 15 za makala. Kuni zikikaushwa vizuri, zikipangwa sawasawa, na tanuru likiwekewa bomba la moshi, mchomaji mwenye uzoefu anaweza kufikia kilo 20 ao zaidi. Na mama akiwa na mbabula bora, yenye udongo ndani, mfuko wake unakaa siku nyingi zaidi.

Makanisa yetu yanaweza kufanya nini

Makanisa mengi ya mahali yana ardhi: kilima nyuma ya shule, pembeni ya kituo cha afya, shamba lililoachwa. Kumbukumbu la Torati 20:19 inakataza hata jeshi linalozingira mji lisikate miti ya matunda. Sisi tulioishi vita tunaelewa maana yake.

Kwanza, halmashauri ya kanisa ipime ardhi yake na kutafuta hati zake mbele ya kupanda hata mche mmoja. Pili, wenye mashamba kati yetu waandike mapatano na wapangaji wao: mti ni wa aliyeupanda, ardhi inabaki ya mwenyewe, mavuno yatagawanywa hivi. Mapatano hayo yasainiwe mbele ya chifu na mashahidi, na jina la mke liandikwe pia, ili mjane asinyang'anywe miti. Tatu, tusiweke mikaratusi karibu na chemchemi, maana inakunywa maji mengi, wala katika shamba zuri la chakula. Tuipeleke kwenye miteremko iliyochoka.

Miche inahitaji karibu miezi 4 kitaluni. Kwa mvua ya mwezi wa 9, mbegu ziwe udongoni mwezi wa 5. Basi mazungumzo juu ya ardhi yaanze mapema kuliko hapo, kwa sababu ndiyo yanayochukua wakati mrefu zaidi.