Samosa ya Kiamaiko: Nyama Haina Kosa

Mtu akiambiwa na daktari apunguze uzito, samosa ya kwanza kuachwa huwa ya nyama. Kiamaiko, nyama hiyo inasingiziwa. Mtaa huu wa Eastlands, jijini Nairobi, ni soko na machinjio ya mbuzi wanaoletwa kutoka kaskazini mwa Kenya, na mbuzi hana mafuta mengi: gramu 100 za nyama mbichi isiyo na shahamu zina mafuta gramu 2 hadi 3 tu, na protini gramu 20 hivi. Nyama ya ng'ombe ya kusaga yaweza kufikisha gramu 20 za mafuta kwa uzito huohuo. Samosa iliyojaa mbuzi, kitunguu na dania ni chakula cha heshima. Ya viazi hushibisha, ila ni wanga ndani ya wanga. Ya ndengu ni afadhali.

Mashaka yako kwenye karai. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Ya wanga au protini ina 4. Samosa ikiwa kwenye mafuta yenye moto wa kutosha, maji ya manda hutoka kama mvuke na kuyasukuma mafuta nje. Ikiepuliwa na kuanza kupoa, mvuke uliobaki hugeuka maji, na mafuta yaliyotanda juu yake hunyonywa ndani. Ndiyo maana ikung'utwe na kuchujwa papo hapo, ingali ya moto. Gazeti kuukuu hufyonza mafuta vizuri, lakini wino si kiungo. Na mafuta yaliyogeuka meusi, yanayotoa povu na moshi, yamekwisha kazi. Kuyaongezea mapya hakuyafufui.

Jingine linalosahaulika ni madini ya chuma. Tangu 2012 Kenya imelazimisha viwanda kuyaongeza kwenye unga wa ngano, ule ule wa manda. Chuma cha unga hakiingii mwilini kwa urahisi. Nyama hukisaidia, na vitamini C ya limau pia. Chai hukizuia, nasi samosa twaipenda na chai! Kamulia limau, chai uinywe baada ya saa moja.

Kabla ya kuondoka kibandani, imege samosa uone ndani. Ukikuta manda tupu yenye harufu ya nyama, mwambie muuzaji: umenunua mbuzi, si hewa.